Kizunguzungu si presha kila mara: uzi wa sikio na kazi yake ya pili

#1 Tabibu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi ya kuona wagonjwa wa nje, na kuna maneno nayasikia karibu kila zamu: "Daktari, nina kizunguzungu, presha imepanda." Tunapima, presha iko sawa. Mgonjwa ananuna, anasema mashine yetu mbovu. Wengine wanakuja wakiwa wameshaanza kumeza vidonge vya presha vya shemeji yao. Ukimdadisi vizuri anakwambia chumba kinazunguka akijigeuza kitandani au akiinua uso kuchukua sufuria kabatini, halafu kinatulia chenyewe hata dakika haijaisha. Huyo tatizo lake liko sikioni. Ukimwambia hivyo anakukazia macho: "Mbona nasikia vizuri?"

Ndiyo sababu ya uzi huu. Wengi tunajua nusu tu ya kazi ya sikio.

Nianze na hiyo nusu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inapita kwenye tundu la sikio, ambalo kwa mtu mzima lina sentimita 2.5 hivi, inagonga kiwambo, wengine mnaita ngoma ya sikio. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa na mifupa mitatu iliyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kina kama milimita 3, hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini. Mifupa yote hiyo ya nini? Sikio la ndani limejaa maji, na sauti ya hewani ikikutana na maji karibu yote inarudi ilikotoka. Kinachopenya hakifiki hata asilimia 1. Kiwambo kina eneo kama mara 17 ya kidirisha ambacho kikuku kinakisukuma, kwa hiyo nguvu iliyopokelewa kwenye eneo kubwa inabanwa kwenye eneo dogo. Mifupa nayo inafanya kazi ya wenzo na kuongeza kidogo, mpaka msukumo unaofika kwenye maji unazidi mara 20 ya ule uliogonga kiwambo.

Hapo tumeingia koklea, mrija ndani ya mfupa uliojisokota mizunguko miwili na nusu hivi. Ungenyooshwa ungepata kama milimita 35. Ndani yake kuna utando mrefu. Sauti nyembamba zinautikisa mwanzoni, karibu na kidirisha. Sauti nzito zinakwenda kuutikisa kule mwisho kabisa. Georg von Békésy, aliyeutazama utando huo kwa hadubini kwenye masikio ya maiti, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961. Juu ya utando zimejipanga seli zenye vinyweleo. Za ndani ni kama 3,500 kila sikio, na ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za nje ni kama 12,000, zinajirefusha na kujifupisha kwa kufuata sauti ili kuikuza ile hafifu. Kuku akizipoteza seli hizi, zinaota nyingine. Binadamu zikifa, ndiyo basi.

Sasa kazi ya pili, kushika mizani ya mwili usianguke, ambayo shuleni huwa inapitwa mbiombio. Jirani kabisa na koklea kuna mifereji mitatu ya nusu duara, kila mmoja umekaa kwa mwelekeo wake, hivyo hakuna namna ya kuzungusha kichwa isiyoshikwa na mmojawapo. Chukua ndoo ya maji uizungushe ghafla: ndoo inakwenda, maji yanachelewa. Kichwa kikigeuka, mfereji unakwenda nacho, maji yanabaki nyuma na kusukuma kizibo laini kinachoitwa kupula, ambacho vinyweleo vya seli vimechomekwa ndani yake. Mtoto akijizungusha uwanjani kisha akasimama ghafla, maji bado yanakwenda, ndiyo maana anaanguka huku anacheka.

Chini ya mifereji kuna vifuko viwili. Humo seli zimefunikwa na utando wenye vichembe vya chokaa juu yake. Vichembe vina uzito, kwa hiyo ukiinama, lifti ikipanda au gari likifunga breki, vinavutwa na ubongo unajua chini ni wapi. Mgonjwa wangu wa sufuria kabatini, vichembe vyake vimebanduka na kutumbukia kwenye mfereji. Akilala vinabingirika, vinasukuma maji, ubongo unapokea taarifa kwamba kichwa kinazunguka wakati kimetulia juu ya mto.

Ulizeni. Nikiwa zamu nitachelewa kujibu.

#2 Jirani Mkorofi

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu kabla hujaenda mbali, kile kitanda kinachozunguka baada ya bia kadhaa ni presha au ni sikio?

#3 Tabibu wa Zamu

Mkorofi, ni sikio, tena kwa njia ya ajabu. Pombe ni nyepesi kuliko maji. Kupula iko karibu na mishipa midogo ya damu, kwa hiyo pombe inaingia kwenye kupula kwanza, kabla ya kuyafikia maji ya mfereji. Kwa muda huo kupula inakuwa nyepesi kuliko maji yanayoizunguka, nayo inaelea. Ukisimama wima unaweza usihisi sana. Ukilala tu, inapinda, na kitanda kinaanza safari.

Baada ya saa kadhaa maji nayo yanapata pombe, mambo yanalingana, unatulia. Alfajiri pombe inaanza kutoka, na inatoka kwenye kupula kwanza. Sasa kupula ni nzito kuliko maji, chumba kinazunguka upande wa pili. Ndiyo maana anayezimua asubuhi, au anayetoa loki kama wanavyosema ndugu zetu wa Kenya, anajiona nafuu: anairudisha pombe kwenye kupula. Deni liko palepale, kalisogeza mbele tu.

#4 Jirani Mkorofi

Hii naipeleka kijiweni leo leo.

#5 Mtoto wa Kitonga

Shikamooni wakubwa. Kila nikishuka na basi kutoka Iringa kwenda Moro, tukianza kuteremka ule mlima wa Kitonga masikio yanaziba, nasikia kwa mbali, halafu paap! yanafunguka. Nikiwa na mafua ndiyo balaa, yanauma hadi Ruaha Mbuyuni. Hii nayo ni hiyo mifereji?

#6 Tabibu wa Zamu

Marahaba. Hapana, hilo ni la sikio la kati, kile chumba chenye hewa. Kina mrija unaoshuka mpaka nyuma ya pua, na muda mwingi umefumba; unafunguka ukimeza mate au ukipiga miayo. Ukiteremka, mgandamizo wa hewa nje unaongezeka, kiwambo kinasukumwa ndani, kinakaza, hakitikisiki vizuri. Ukimeza, hewa inapanda, paap. Ukiwa na mafua mrija umevimba, haufunguki. Tafuna pipi au karanga. Mtoto mchanga mnyonyeshe wakati wa kuteremka, kwenye basi na kwenye ndege pia. Mrija wa watoto ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa kwetu, vijidudu vya mafua vinapanda kirahisi, ndiyo maana wao wanauguzwa masikio kila mara.

Wazamiaji nao wasome hapa. Mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo mita 10 za kwanza zinauzidisha mara mbili. Kijana anayezamia na mafua kutafuta majongoo bahari anaweza kupasua kiwambo kabla hajafika chini.

#7 BintPemba

Assalaam alaykum. Mie naomba nijibiwe la boti. Tukitoka Unguja kwenda Pemba, tukishaupita Nungwi moyo wachafuka mpaka natamani nishuke nitembee. Mume wangu mvuvi, hata habari hana, anakula embe. Na je ni kweli ukifumba macho inasaidia?

#8 Tabibu wa Zamu

Wa alaykum salaam dada. Ubongo unapanga mwili kwa taarifa za sehemu tatu: macho, masikio ya ndani, na misuli na viungo, hasa miguu na shingo. Ukikaa ndani ya boti macho yanaona kiti na ukuta vimetulia, masikio yanasema tunapanda na kushuka. Taarifa zikipingana ndipo moyo unapochafuka. Toka nje utazame ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu, macho yaone wimbi ambalo masikio yanalihisi. Kufumba macho kunasaidia baadhi ya watu kwa sababu unamnyamazisha shahidi mmoja. Kusoma simu ndiyo kosa kubwa. Shemeji ubongo wake umezoea, tena mwenye kushika usukani analijua wimbi kabla halijaja.

Kwamba chanzo ni sikio, ushahidi upo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kupeleka watu angani walichukua wanaume 11 viziwi kutoka chuo cha Gallaudet, Washington. Kumi kati yao walipoteza kusikia kwa homa ya uti wa mgongo, na mifereji yao nayo ilikuwa imekufa. Wakapandishwa meli kwenye bahari chafu karibu na Nova Scotia, Kanada. Wale viziwi wakakaa wanacheza karata. Watafiti wenyewe ndio waliozidiwa na kichefuchefu mpaka jaribio likavunjwa.

#9 BintPemba

Hahaha, hao watafiti nimewahurumia. Ahsante kaka.

#10 Fundi Kinu

Mimi nina mashine ya kusaga unga, hii kazi nimeirithi kwa mzee. Mzee sasa hivi anasema "nasikia lakini sielewi mnachosema." Wajukuu wanadhani anajifanya. Na mimi nikifunga jioni masikio yanalia nzziii mpaka nalala. Naweka pamba lakini.

#11 Tabibu wa Zamu

Fundi, mzee hajifanyi. Kumbuka sauti nyembamba zinapokelewa mwanzoni mwa koklea. Hapo ndipo kelele na umri vinapoanza kuua seli. Irabu ni nzito na zina nguvu, anazisikia zote. Konsonanti nyingi ni nyembamba na hafifu. Mwambie "paka", "taka", "kaka": zote kwake ni a-a. Ndiyo maana anasikia mtu anaongea lakini maneno hayashikiki. Msimpigie kelele, inazidisha irabu tu. Mkae mbele yake aone midomo, muongee taratibu, redio izimwe. Halafu apimwe, kifaa cha kusikilizia kinaweza kumsaidia.

Wewe sasa. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, na ikifika 100 unabakiwa na dakika 15. Kipimo cha haraka: ikibidi upaze sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, umeshafika eneo la hatari. Huo mlio wa nzziii ni seli zimechoka. Leo zinapona usiku; ukizirudia kila siku kuna siku hazitapona. Pamba haizuii kitu cha maana. Nunua vizibo vya povu au vile vya kufunika masikio wanavyovaa mafundi viwandani.

#12 Dereva Nduthi

Huku Nairobi spika ya matatu iko chini ya kiti changu kila asubuhi, kwa hivyo mimi nimeisha?

#13 Fundi Kinu

Wewe na mimi tukutane kwa tabibu.

#14 Mende Kaingia

Samahani kwa kuingilia uzi. SASA HIVI kuna mende ameniingia sikioni, anakwangua, nachanganyikiwa. Mke wangu anataka kumtoa na pini ya nywele. Nifanyeje??

#15 Tabibu wa Zamu

Pini weka chini! Lala ubavu, sikio lenye mdudu liwe juu. Kama sikio hilo halijawahi kutoboka wala kutoa usaha, weka matone ya mafuta ya kula ya uvuguvugu, si ya moto, mpaka tundu lijae. Atakufa ndani ya dakika chache. Usijaribu kumtoa kwa kitu chochote, nenda hospitali wamtoe mzima, maana miguu ikibaki ndani inaleta uvimbe.

#16 Mende Kaingia

Katulia. Mungu akubariki. Naelekea hospitali.

#17 Kinyozi Mstaafu

Hapo kwenye pini nina neno. Zamani wateja walikuwa wakitaka niwatekenye masikio kwa unyoya wa kuku, raha yake anaijua aliyefanyiwa. Sasa vijana wanatumia njiti za pamba, funguo, hata mfuniko wa kalamu. Nilipokwenda kusafishwa hospitali kwa maji nikashikwa na kizunguzungu cha ajabu. Walinikosea?

#18 Tabibu wa Zamu

Mzee wangu shikamoo. Huenda maji yalikuwa ya baridi tu. Mfereji mmoja uko karibu na tundu la sikio. Maji yakiwa baridi au moto kuliko mwili, yale ya ndani ya mfereji yanaanza kuzunguka na macho yanachezacheza. Robert Bárány, tabibu wa Vienna, aliligundua hilo kwa malalamiko ya wagonjwa wa namna yako: maji baridi macho yanacheza upande huu, maji moto upande ule. Akalifanya kipimo cha sikio la ndani, kinatumika mpaka leo. Nobel ya mwaka 1914 ilimkuta mateka wa vita Urusi.

Nta ina kazi yake, na ngozi ya tundu inakua kuelekea nje ikiibeba. Njiti inaisukuma ndani.

#19 Mama Wawili

Mimi ndiye mgonjwa wa sufuria kabatini hahaha. Nikigeukia kulia usiku dari linakimbia. Nimepimwa presha, sukari, damu, vyote sawa. Dawa yake nini?

#20 Tabibu wa Zamu

Dada, dawa yake ni kuvirudisha vichembe vilikotoka kwa kugeuza kichwa. John Epley wa Portland, Marekani, ndiye aliyebuni njia hii na kuichapisha mwaka 1992. Wenzake walimcheka muda mrefu. Kwa sikio la kulia iko hivi. Kaa kitandani miguu imenyooka, geuza uso kulia nusu ya njia kuelekea bega. Lala chali haraka, mto uwe chini ya mabega ili kichwa kining'inie kidogo. Chumba kitazunguka, vumilia mpaka kitulie, kama nusu dakika au zaidi. Bila kuinua kichwa, geuza uso kushoto kiasi kilekile, subiri tena. Kisha geukia ubavu wa kushoto mwili mzima, uso ukitazama sakafu, subiri. Kaa taratibu. Mara ya kwanza ufanyiwe na mtu anayejua, ambaye atathibitisha sikio ni lipi. Mwenye tatizo la shingo asijaribu nyumbani.

Na kizunguzungu kinachokuja pamoja na ulimi kuwa mzito, mkono au mguu kulegea, kuona vitu viwili viwili au kichwa kuuma ghafla kupita kiasi, hicho si cha uzi huu. Kimbia hospitali saa hiyohiyo, inaweza kuwa kiharusi.

#21 Mpita Njia

Nimesoma vyote. Niulize kuhusu sindano. Baba yangu mdogo alichomwa gentamaisini muda mrefu, alipopona akawa anatembea kama mlevi, hasa usiku. Na hata sisi tuliokunywa kwinini tunaujua ule mvumo masikioni.

#22 Tabibu wa Zamu

Mvumo wa kwinini kwa wengi unaondoka dawa ikiisha. Gentamaisini ni habari nyingine, inaweza kuua seli zenye vinyweleo, na inapenda zaidi zile za mizani. Kanamaisini na amikasini zinapenda zile za kusikia. Mwaka 2019 WHO iliiondoa kanamaisini kwenye tiba inayopendekezwa ya TB sugu. Zinaokoa maisha zikihitajika, ila hizi si sindano za kujinunulia duka la dawa.

Baba mdogo mchana anatumia macho na miguu. Gizani macho hayapo, kabakiwa na miguu. Jaribuni hapo mlipo: shikeni simu imetulia, tikiseni kichwa haraka kama mnakataa kitu. Maneno yanasomeka. Sasa kichwa kitulie, simu itikiswe kwa kasi ileile. Hayasomeki. Kwenye jaribio la kwanza sikio liliyaamuru macho yarudi upande wa pili, na amri hiyo haichukui hata sehemu 10 za elfu moja za sekunde. Daktari mmoja wa Marekani aliyeharibiwa mizani na sindano za streptomaisini alieleza mwaka 1952 kwamba ili asome kitabu ilibidi akibane kichwa kwenye vyuma vya kitanda, kwa sababu mapigo ya moyo wake tu yalizirusha herufi.

#23 Mpita Njia

Baba mdogo anasema hivyohivyo, akitembea mabango yanaruka. Tulidhani ni macho, kanunuliwa miwani mara mbili.

#24 Tabibu wa Zamu

Mpelekeni kwa fiziotherapia, kuna mazoezi ya kuufundisha ubongo utegemee macho na miguu. Na taa ya chooni usiku isizimwe.

#25 Mama Junia

Naandika nikiwa na hofu. Mwanangu aliugua homa ya uti wa mgongo, tukaruhusiwa wiki iliyopita. Alikuwa ameshaanza kutembea vizuri kabisa. Sasa anayumba, amerudi kutambaa. Watu wanasema ni udhaifu wa kulazwa. Ila nikimwita kwa nyuma hageuki. Nimesoma hapo kwenye wale viziwi 11 moyo umepasuka.

#26 Tabibu wa Zamu

Pole sana mama. Kuyumba na kutogeuka vikija pamoja baada ya uti wa mgongo, hatusubiri. Maambukizi yanaweza kuingia kwenye maji ya sikio la ndani na kugusa kusikia na mizani kwa pamoja. Anatakiwa apimwe usikivu sasa, na umri wake si kikwazo. Kuna kipimo kinachoweka kidude kidogo tundu la sikio na kutoa milio; seli za nje zikiwa hai zinarudisha sauti yake, jambo lililogunduliwa na David Kemp wa London mwaka 1978. Mtoto hatakiwi kusema lolote, anaweza kuwa amelala.

Haraka yangu ina sababu. Baada ya uti wa mgongo, koklea wakati mwingine inaanza kujaa mfupa. Ikionekana hasikii kabisa, kuna kifaa kinachopandikizwa, Muhimbili walianza kazi hiyo mwaka 2017, lakini waya wake unahitaji nafasi ya kupita ndani ya koklea. Ikishajaa, kazi inakuwa ngumu mno.

#27 Mama Junia

Nipo mkoani. Nianzie wapi?

#28 Tabibu wa Zamu

Hospitali ya rufaa ya mkoa, kesho asubuhi, uliza kliniki ya masikio, pua na koo. Waambie "baada ya uti wa mgongo" kabla ya neno lingine lolote, wasikuweke foleni ya nta. Kama hawana kipimo, waandike rufaa hapohapo, usikubali kurudishwa baada ya mwezi. Na ubebe karatasi za alipolazwa zenye majina ya sindano alizochomwa, watazihitaji.